Kipochi cha Dawa kwa Msafiri wa Ndege Kutoka Kasulu na Kibondo

Dawa ambayo mgonjwa hawezi kukaa siku moja bila kuitumia hukaa naye kwenye kiti cha ndege, haipakiwi na mizigo. Kanuni hiyo inajulikana dunia nzima, lakini kwa anayetoka nyanda za juu za Kigoma ina uzito zaidi, kwa sababu safari yake huanza mapema kuliko ndege yenyewe. Kutoka Kasulu mjini hadi uwanja wa ndege wa Kigoma ni takriban kilomita 100. Kutoka Kibondo ni zaidi ya kilomita 200. Baadhi ya watu wa Kibondo huona afadhali kushika njia ya Nyakanazi na kupandia ndege Mwanza. Kwa vyovyote vile kuna basi kwanza, kisha bajaji au teksi, kisha ndege ya Dar es Salaam, na kwa wengi kuna ndege ya pili na ya tatu. Kila mzigo unapohamishwa, unaweza kuachwa.

Wanaosafiri na dawa ni wengi. Wapo wenye rufaa za Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wapo vijana wanaokwenda kufanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba, mahujaji, na wazee wanaokwenda kukaa na watoto wao ughaibuni. Wapo pia wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, na wa Nduta iliyoko Kibondo, ambao wamekuwa wakisafirishwa kwenda kuanza maisha mapya Marekani, Canada au Australia. Magonjwa yao hayafanani, ila mpangilio wa dawa safarini ni mmoja.

Jambo la kwanza ni kwamba begi la mkononi peke yake halitoshi kuwa hifadhi ya dawa. Ndege zilizozoeleka katika safari za Kigoma ni za mapangaboi, kama Dash 8-400 za Air Tanzania zenye viti 76. Makabati ya juu ya ndege hizo ni madogo. Begi la magurudumu ambalo ndege kubwa hulipokea bila neno huweza kuchukuliwa mlangoni pa ndege na kwenda kupakiwa pamoja na mizigo mingine, na abiria hulikuta tena baada ya kutua. Hapo ndipo mgonjwa wa pumu hugundua kwamba pampu yake imeenda na begi. Kwa hiyo dawa hukaa ndani ya kipochi chake cha pekee, kidogo cha kuning'inizwa shingoni au kufungwa kiunoni, kinachoweza kutolewa begini kwa sekunde chache. Begi likichukuliwa, kipochi hubaki na mwenyewe. Kwenye ndege kinawekwa chini ya kiti cha mbele au mapajani, kwa kuwa wakati wa kupaa, wa kutua na wa misukosuko ya hewa hakuna anayeruhusiwa kusimama kufungua kabati.

Uzito nao huleta taabu. Mashirika mengi huruhusu takriban kilo 7 za mkononi, na msafiri wa Kigoma haendi mikono mitupu. Kuna asali ya Kibondo, mawese na dagaa wa shangazi aliyeko Dar es Salaam. Zawadi ni jambo jema na halina ubaya wowote, lakini mara nyingi begi la mkononi likionekana zito kwenye mizani, kinachohamishiwa kwenye begi kubwa ni mfuko wa dawa, kwa kuwa unaonekana ni kitu kidogo. Mpangilio sahihi ni kinyume chake: dawa zipangwe kwanza, na zawadi zichukue nafasi iliyobaki. Asali na mawese ni vimiminika, na katika safari ya kimataifa havipiti mkononi kwa wingi wa zawadi.

Kiasi cha dawa huhesabiwa kwa siku za safari, kisha huongezwa dozi za wiki moja kwa ajili ya ndege kuahirishwa, rufaa kurefuka au matokeo ya vipimo kuchelewa. Wanaotumia ARV na wenye magonjwa sugu huwaeleza wahudumu wa kliniki mapema kwamba wanasafiri, ili wapewe dawa za miezi kadhaa kwa pamoja na barua ya kuhudumiwa kule waendako. Msafiri mwenye dawa nyingi anaweza kuweka akiba kwenye begi kubwa, lakini dozi za safari nzima na siku kadhaa za mwanzo hazitoki kwenye kipochi. Nchi nyingi huruhusu mgeni kuingia na dawa zake za miezi isiyozidi 3. Shehena kubwa kuliko hiyo huzua maswali ya biashara.

Namna dawa zinavyotolewa kwenye zahanati zetu inahitaji kurekebishwa kabla ya safari. Vidonge huhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa na kutiwa ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu 1 x 3 au 2 x 2. Mgonjwa anaelewa, na muuguzi wa Kasulu anaelewa. Ofisa wa forodha wa Muscat anachokiona ni vidonge vyeupe visivyo na jina ndani ya karatasi. Kwa hiyo mgonjwa huomba dawa zilizo kwenye vifungashio vya kiwandani, hata kama itambidi kuzinunua famasia. Zisipopatikana, mfamasia huandika juu ya bahasha jina la dawa lenyewe, nguvu yake kwa miligramu, jina la mgonjwa na tarehe, kisha akagonga muhuri. Jina la dawa lina maana kuliko jina la kibiashara, kwa sababu majina ya kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Hata paracetamol huitwa acetaminophen huko Marekani. Sanduku la plastiki la siku saba ni zuri mtu akishafika, njiani halifai.

Barua ya daktari ndiyo nusu ya pili ya kipochi. Hospitali ya Kabanga, Heri, hospitali za wilaya za Kasulu na Kibondo na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni zote zina madaktari wa kuiandika. Huandikwa kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, sahihi na muhuri. Inataja ugonjwa, dawa zote na dozi zake, vifaa kama sindano au kipima sukari, na mzio kama upo. Jina linaloandikwa ni lile la pasi ya kusafiria, herufi kwa herufi. Hapa wengi hukwama: kadi ya kliniki ina jina la nyumbani, kitambulisho cha NIDA kina jina la shule, na pasi ina majina matatu kwa mpangilio mwingine. Anayekagua hana njia ya kujua kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Nakala moja ya barua hukaa kipochini, ya pili kwenye begi kubwa, na picha yake kwenye simu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano hukaa pamoja na barua hiyo. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, hivyo haidaiwi kurudiwa kila miaka 10.

Insulini inahitaji uangalizi kuliko dawa nyingine zote za safarini. Haitakiwi kuganda wala kuungua, na safari ya Kibondo hadi ng'ambo ina hatari zote mbili. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki 4 ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia vipimo vya joto vya nyumba za kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyopitia joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa Kasulu hana sababu ya kuahirisha matibabu eti kwa kuwa hana jokofu la kubeba. Anachopaswa kuepuka ni jua la dirishani, dashibodi ya gari na buti la basi linalochemka mchana kutwa.

Wengi hutumia chupa ya chai: husuuzwa kwa maji baridi, hupanguswa hadi ikauke, na insulini hutiwa ndani na kufunikwa. Njia hiyo ni nzuri na haina gharama. Pakiti za barafu hutumika kwa tahadhari, zikiwa zimezungushiwa taulo, kwani chupa ikigusana na barafu huganda pembeni. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka, na kwa macho huenda isionyeshe tofauti yoyote. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoipakia tumboni mwa ndege, ambako baridi haina uhakika. Kwa sababu hiyohiyo haifai kumkabidhi mhudumu wa ndege aihifadhi kwenye barafu ya vinywaji. Mashine za ukaguzi wa mizigo haziharibu insulini. Sindano hupita zikiwa pamoja na dawa yenyewe na barua ya daktari, na zilizotumika hutiwa kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Kipima sukari, vijiti vyake na kitu kitamu cha kuinua sukari haraka, kama pipi au pakiti chache za sukari, hukaa mahali ambapo hata jirani wa kiti anaweza kuviona na kuvifikia. Ni vizuri jirani huyo aambiwe mapema kwamba mtu akianza kutetemeka na kutoka jasho apewe sukari.

Kundi linalohitaji kuelezwa kwa kirefu ni wenye kifafa. Dawa inayotumika sana kwenye zahanati za Tanzania ni phenobarbital, ambayo wengi huiita fenobabitoni. Ni ya zamani, ni nafuu, na imewarudisha watu wengi shambani na darasani. Lakini imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na nchi nyingi huidhibiti mipakani. Mgonjwa anakabiliwa na hatari mbili zinazovutana. Akisafiri nayo bila karatasi, inaweza kunyang'anywa. Akiiacha nyumbani kwa kuogopa, mwili uliozoea dawa hiyo kwa miaka unaweza kupata degedege mfululizo ndani ya siku chache, na degedege za namna hiyo huua. Hakuna njia ya mkato hapa. Anayetumia phenobarbital na kupanga safari ya nje humwona daktari wiki nyingi kabla. Daktari anaweza kuandika barua na cheti cha dawa, au kumhamishia taratibu kwenye dawa nyingine isiyo na vikwazo hivyo. Kuhamisha huko huchukua wiki kadhaa, hakufanyiki wiki ya safari.

Udhibiti huo unagusa pia tramadol, codeine, diazepam na mofini ya maji wanayopewa wagonjwa wa saratani. Tanzania yenyewe huzidhibiti chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Falme za Kiarabu hudai kibali cha mtandaoni kabla ya abiria kufika na dawa za aina hii, na nchi jirani zake za Ghuba nazo ni kali. Watu wamewahi kufungwa huko kwa vidonge vya maumivu ambavyo nyumbani havikuonekana kuwa kitu. Anayekwenda kufanya kazi Ghuba huuliza ubalozi wa nchi husika kuhusu kila dawa aliyonayo, kwa jina, kabla ya kukata tiketi.

Kutokana na hilo, mtu asikubali kubeba dawa za mwingine. Stendi ya Kasulu, kama stendi yoyote nchini, ni mahali pa kuagizana: jirani huleta bahasha na kuomba imfikie mwanawe aliyeko Muscat, kwa kuwa dawa za huko ni ghali. Kukataa kunaonekana ni ukosefu wa utu. Lakini mlangoni pa forodha aliyeshika bahasha ndiye mwenye mzigo kisheria, na barua ya daktari aliyonayo haina jina la dawa hizo. Unga wa mizizi na magome usio na lebo ni vivyo hivyo. Hata kama ni dawa ya tumbo ya miaka yote, mashine huuona kama unga tu.

Magonjwa mengine yanahitaji maelezo mafupi. Mwenye pumu huweka pampu mfukoni, si hata kipochini, kwa maana hewa ya ndani ya ndege ni kavu. Aliyebadilishiwa valvu ya moyo na kutumia warfarin hubeba kadi yake ya vipimo vya kuganda kwa damu, na dozi yake hairukwi. Wanaotumia dawa za presha za kukojosha, kama furosemide, mara nyingi huziacha siku ya basi kwa kuogopa kuomba gari lisimame kila saa. Badala ya kuacha, daktari anaweza kusogeza muda wa kuzimeza. Mwenye kifua kikuu cha kuambukiza hapandi ndege hadi awe ametumia dawa inavyotakiwa kwa angalau wiki 2 na daktari aridhike. Mjamzito aliyevuka wiki 28 hubeba cheti cha tarehe ya kujifungua, na mashirika mengi hayampokei baada ya wiki 36.

Wenye selimundu wana jambo la ziada. Shinikizo la hewa ndani ya ndege iliyo angani hulingana na lile la mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani juu kuliko Kasulu mjini, hivyo oksijeni hupungua na maumivu yanaweza kuamka. Maji ya kutosha, nguo ya joto na dawa za maumivu hukaa karibu. Ambaye damu yake iko chini sana, au ametoka kulazwa, hupimwa kwanza. Anayehitaji oksijeni hafiki uwanjani na mtungi wake: hutoa taarifa kwa shirika la ndege siku kadhaa kabla, na daktari hujaza fomu ya shirika hilo.

Kwenye ukaguzi wa safari za kimataifa katika viwanja vingi, vimiminika vya kawaida vinaruhusiwa katika chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja unaoonekana ndani. Utaratibu huo ulianza mwaka 2006 baada ya njama ya mabomu ya maji kugunduliwa London. Dawa za maji zinazohitajika safarini, maziwa ya mama na chakula cha mtoto hazibanwi na kipimo hicho, ila hutolewa begini na kuonyeshwa kabla ya mkaguzi kuuliza. Zuio la mifuko ya plastiki lililoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 halikuigusa mifuko midogo ya kufungika ambayo wageni huja nayo kwa ajili ya ukaguzi. Kwa mtoto, chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini hubebwa ikiwa pakiti kavu na kuchanganywa panapohitajika. Dawa ya antibiotiki ya unga pia ni heri isitiwe maji kabla ya wakati, kwa sababu ikishachanganywa siku zake huanza kuhesabika.

Vifaa vina kanuni zake. Kipimajoto cha zebaki hakiruhusiwi mkononi. Cha kidijitali kinapita. Mikasi na nyembe za kuhudumia vidonda huenda kwenye begi kubwa. Betri za akiba na pawabenki ni kinyume: lazima ziwe mkononi, kwa kuwa zikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuzizima. Mashine ya kusaidia kupumua usingizini au ya kuvuta dawa ya mvuke hubebwa mkononi, na mashirika mengi hayaihesabu kwenye kilo za kawaida ikiwa taarifa imetolewa.

Saa za kumeza dawa huchanganya wengi. Kati ya Kigoma na miji ya mashariki mwa Marekani kuna tofauti ya saa 7 au 8 kulingana na msimu, na safari yenyewe inaweza kupita siku nzima. Kwa ARV, dawa za kifafa na nyingine zenye muda maalumu, njia salama ni kuhesabu saa kati ya dozi na dozi badala ya kutazama saa ya ukutani. Simu iliyoachwa kwenye majira ya Afrika Mashariki hadi mwisho wa safari husaidia sana. Mpango wa kuhamia majira mapya, na hasa kwa insulini ambayo hufuatana na chakula, huandikwa na daktari kabla ya kuondoka. Asiyetaka jirani aone chupa ya ARV anaweza kutoa dozi za safari mapema na kuziweka kwenye kichupa kidogo chenye lebo, mradi kifungashio cha asili na barua vibaki ndani ya kipochi.

Kwa wanaohamishwa kutoka Nyarugusu na Nduta, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji hufanya uchunguzi wa afya kabla ya safari na kukabidhi nyaraka ndani ya mfuko wenye nembo yake. Mfuko huo hauingizwi kwenye begi wala haukabidhiwi mtoto kuushika. Ndani yake mna majibu ya vipimo na kumbukumbu za chanjo ambazo daktari wa nchi ya pili ataanza nazo. Dawa za kila siku za familia huwekwa pamoja nao, za kila mtu zikiwa na jina lake, kwa kuwa familia ya watu wanane yenye bahasha zinazofanana huchanganya dawa za baba na za mtoto kirahisi sana.

Kipochi kina kazi moja zaidi baada ya kutua. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na vimelea vinaweza kusafiri ndani ya damu bila dalili. Dozi kamili ya dawa ya mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24, yaani 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta. Wanaokwenda mahali dawa hiyo ni adimu hufanya vizuri kuwa nayo, lakini haitumiki bila kipimo kwanza. Daktari wa Toronto au Stockholm anaweza kukaa mwaka mzima bila kuona mgonjwa wa malaria, na homa ataidhania mafua. Kwa hiyo kila anayepata homa ndani ya miezi 3 tangu kuondoka aende hospitali siku hiyohiyo na barua yake mkononi, aseme bila kusubiri kuulizwa kwamba ametoka Kigoma, na adai damu yake ipimwe malaria.